Papa Saleh, Juzuu ya L Imetoka Nyumbani

Papa Saleh,

Nianze na lile ambalo ungeuliza kwanza: hapana, sijanunua kamusi hata moja bila kuifungua. Nakaa kwenye kigoda chako, mgongo ukutani, vitabu vimetandazwa chini juu ya lile turubai la buluu. Wanaonijua wanapita wakisema, "Mama wa vitabu, pole." Wasionijua wanadhani nalinda tu, mwenye mali amekwenda kunywa chai. Siwasahihishi. Mtu akidhani mwenye mali hayupo, anasema wazi kile anachokitaka.

Mambo yamebadilika kidogo. Wanafunzi wa chuo kikuu, kule Kasapa, hawanunui tena kitabu, wanakipiga picha. Anachuchumaa, anashika kamusi ya sheria kwa adabu, anasifia jalada, anauliza habari za nyumbani, mara simu inatoka mfukoni. Nimeanza kuweka kidole changu katikati ya ukurasa. Sasa Kasapa nzima ina picha za kidole changu.

Na yule jirani yetu wa kona bado anavisha vitabu vya zamani majalada mapya. Vitabu vyake vinazidi kuwa vijana. Juzi alimtuma mtu aje kuniuzia kamusi ya Kifaransa yenye jalada linalong'aa, eti imetoka kiwandani mwaka jana. Nikakumbuka maneno yako: "Buku inaweza kukudanganya na koti, haiwezi na tumbo. Fungula pa muji yako." Nikafungua kwenye L. Lubumbashi haikuwemo. Nikaenda kwenye E, nikaikuta imejikalia kwa jina lake la kikoloni, Elisabethville, na reli yake na Wabelgiji wake. Nikamrudishia kamusi yake, nikamwambia amsalimie aliyemtuma, na ampe pole kwa gundi aliyopoteza.

Hiyo ndiyo kazi uliyonifundisha. Nilikuwa nauza vocha za simu chini ya mwavuli pembeni yako, shule niliiacha njiani, na mteja akikosekana nilisoma chochote kilichokuwa karibu. "Ninyi ba Kasai munasomaka mupaka karatasi ya sabuni," ulisema, kisha ukanipa kamusi ili niache sabuni. Kuanzia siku hiyo hukununua kitabu kabla sijakitazama na mimi, kwa jicho baya kama lako.

Lakini sikuandikii habari za kidole changu. Nakuandikia kwa sababu ya kabati la sebuleni.

Ile ensaiklopedia yako, Papa. Juzuu zote nyuma ya kioo, ngozi ya kahawia, herufi za dhahabu mgongoni, A mpaka Z. Padri aliitaka. Wakili aliitaka, akarudi na mke wake kukubembeleza. Wote uliwajibu neno moja: "Hapana. Inangojea mwenzake." Nilidhani ni njia yako ya kupandisha bei, nikakuheshimu sana.

Ulipotutoka, masista wa shule moja walimtumia mjane wako, Mama Zaina, salamu za pole, na ndani ya salamu mlikuwa na swali: je, ile seti bado ipo, na je, ni kamili? Hilo 'kamili' walilirudia mara mbili. Mama Zaina akakubali. Bati la chumba cha nyuma linavuja na wajukuu wako wanalala humo na ndoo. Akaniomba niangalie tu kwamba hakuna juzuu iliyokosekana, maana wewe mwenyewe ulikuwa ukisema: seti ikipoteza juzuu moja, zilizobaki zote ni za kufungia karanga.

Nilihesabu migongo. Zote zilikuwepo. Ndipo mtu akabisha hodi.

Unajua Mama Zaina bado yuko ndani ya eda. Hatoki, haonekani na wanaume wa nje, anasema nao kutoka nyuma ya pazia la mlango. Basi macho ya mlangoni ni mimi. Nikaona mzee mrefu, kofia mkononi, viatu vyenye vumbi jekundu ambalo si la hapa mjini. Akasema, "Jina yangu Ilunga, natoka Kambove. Nimekuja kuchukua ile L ya Saleh."

Hakutaka seti. Alitaka L peke yake.

Jiulize wewe ungewaza nini. Niliwaza kwanza ramani. Kwetu huku mtu akitafuta karatasi za zamani anatafuta ramani, na akitafuta ramani anatafuta shaba, na huyu alitoka Kambove ambako hata kuku wanachimba. Kisha nikawaza kwamba ulificha kitu ndani. Nisamehe, lakini wewe ni mtu uliyekunja risiti ya sukari mara nne kabla ya kuiweka mfukoni. Nikamuuliza, L ya nini? Akajibu, "Saleh anajua." Akataja shahidi asiyeweza kuitwa. Nikamwambia arudi Ijumaa baada ya swala, na nikamsindikiza mpaka nilipoona kweli amepanda gari.

Nikaitoa L kabatini. Niliitikisa. Nilipitisha kidole kwenye mshono, nikainua jalada kwenye mwanga wa dirisha, nikanusa gundi. Hakuna pesa, hakuna ramani, kulikuwa na ubawa wa mende. Mama Zaina alinitazama kutoka kwenye mkeka wake akasema, "Unaipekua kama polisi pa bariyeri ya barabara."

Kisha mkono wangu, kwa mazoea tu, ukafungua pa muji yangu.

Sikuwahi kufanya hivyo na vitabu vya kabati lile. Hukunipa nafasi. "Buku ya nyumba haipimwake," ulisema, na mimi nikadhani ni heshima. Basi nikasoma. Lubumbashi: mto mdogo wa Katanga, mistari miwili, na mwishoni, tazama Elisabethville. Vizuri, nikasema, hii ni ya zamani. Nikachukua E. Elisabethville: jina la zamani la mji, tazama Lubumbashi. Nikarudi kwenye L. L ikanirudisha kwenye E. Nilikwenda na kurudi kama mtu anayetafuta muhuri ofisini, dirisha hili linamtuma lile, na lile linamrudisha hili, na kote wanamjibu kwa upole.

Papa. Wewe uliyewafukuza watu barabarani kwa sababu ya mji mmoja. Nyumbani kwako, nyuma ya kioo, kwa ufunguo, ulikuwa na ensaiklopedia nzima ambayo mji wetu haumo.

Nilicheka mpaka Mama Zaina akaketi wima. Nikataka kukupigia simu. Nilishaishika kabisa, na namba yako bado ni ya kwanza.

Basi.

Nilipomweleza Mama Zaina, hakushangaa hata kidogo. "Ile njo vita yabo," akasema, maana yake vita vyenu, na akanisimulia huku akichambua mchele. Kwamba zamani wewe na huyo Ilunga mlikuwa mkifanya kazi pamoja. Kwamba mlikwenda Kambove kwenye nyumba ya injinia aliyekuwa anahama, mkakuta chumba kimoja chenye seti mbili, ya zamani na ya baadaye, ngozi ileile, dhahabu ileile. Mkazinunua pamoja, moja kwa kila mmoja. Mvua ikaanza, mkapakia mbiombio. Kila mtu alipofika kwake akagundua: wewe una E mpya na L ya zamani, mji haupo, yeye ana E ya zamani na L mpya, mji upo mara mbili. Mkibadilishana L tu, kila mtu anapona. Hata mjukuu wako mdogo angeliona hilo.

Lakini wewe ulisema Ilunga alifanya kusudi kwenye mvua. Ilunga akasema ni wewe. Wewe ukasema alete yake kwanza. Yeye akasema ulete yako kwanza. Kila Idi alituma salamu na kudai L. Kila Noeli ulituma salamu na kudai L. Alipopita mjini alikula hapa, Mama Zaina aliwapikia, mkazungumza habari za mahindi na za watoto, na L haikutajwa mpaka mguu wake ulipokuwa nje ya lango. "Inangojea mwenzake." Nimeanza kushuku kwamba siku nyingine hukuwa ukisema juu ya kitabu.

Hata hivyo sikulala na imani. Kuijua hadithi si kumjua mtu. Mama Zaina hakumwona, alimsikia tu, akasema sauti ni ya Ilunga lakini imezeeka. Sauti ya mtu aliyezeeka inaweza kuwa ya yeyote. Na hata kama ni Ilunga mwenyewe, ni yuleyule ambaye wewe, uliyemjua, hukuthubutu kumpa kitabu mkononi. Akiondoka na L asirudishe kitu, masista hawanunui, na bati linabaki vile lilivyo.

Nikuambie pia wazo lililonijia, ulipime. Ningeweza kunyamaza. Seti ilikuwa kamili kwa hesabu. Masista wangehesabu migongo kama mimi nilivyohesabu, hakuna mtu mjini hapa anayefungua pa muji ila wewe na mimi, na wewe umebaki kimya. Bati lingenunuliwa juma lilelile. Nilimwambia Mama Zaina hivyo. Hakunikaripia. Aliuliza tu, "Na mutoto wa ile shule akitafuta muji yake, fasi anaishi?" Akarudi kwenye mchele wake.

Ijumaa Ilunga akaja, na L yake imefungwa ndani ya kitenge. Tulikaa barazani, kigoda kati yetu, pazia nyuma yangu. Tukaziweka mbili juu ya kigoda, mapacha, huwezi kutofautisha kwa jicho. Akasema, "Fungula." Nikafungua yake. Mji ulikuwemo, safu nzima ya maneno, na barabara zake, na kiwanda na bomba lake la moshi, na jina lake la zamani ndani ya mabano. Nikakagua mshono. Nikanusa. Nikatazama kama ukurasa umebandikwa. Akacheka kidogo puani: "Saleh alikufundisha mubaya." Niliipokea kama sifa.

Kisha akasema, "Leta sasa."

Nikaweka mkono juu ya L yetu. Naye akaweka mkono juu ya L yake.

"Wewe kwanza, mama."

"Hapana, Papa. Mukubwa kwanza."

Tukakaa. Hapo ndipo nilipoelewa jinsi miaka inavyoweza kupita juu ya jambo kama hili. Si vigumu hata kidogo. Mkono unakuwa mzito, jua linasogea, kila mtu anatazama vidole vya mwenzake, na hakuna anayeona kwamba amekosea. Niliuona ubishi wako umekaa ndani ya mkono wangu, Papa, na nakuapia, ulikuwa mahali pazuri. Nilitamani tubaki hivyo.

Pazia likasema, "Achilia, Ntumba."

Sikuachilia.

"Achilia, mwanangu. Miye nimeachilia kubwa kuliko ile."

Nikaondoa mkono.

Ilunga hakuchukua. Nilikuwa tayari kumrukia, lakini hakuchukua. Alitazama pazia, mkono wake bado juu ya kitabu chake. Kisha naye akaondoa mkono. Kwa muda vitabu vyote viwili vilikaa juu ya kigoda bila mkono wa mtu. Sidhani kama hilo liliwahi kutokea tangu ile mvua.

Ndipo akachukua L ya zamani, akaifunga vizuri kwenye kitenge, akaniachia ile mpya. Alisema na pazia maneno ya pole, marefu, kwa adabu ya watu wa zamani. Langoni akageuka, mguu mmoja nje, kama alivyozoea. Akasema, "Na sasa nitagombana na nani?" Hakuwa ananiuliza mimi.

Alipoondoka nilifungua tena, maana watu hubadilisha vitu hata mbele ya macho. E: tazama Lubumbashi. L: Lubumbashi. Ilikuwepo. Nimefungua tena asubuhi hii, na bado ipo, lakini nitaendelea kuchunguza.

Masista wanakuja Jumatatu. Mama Zaina yuko sawa, anakula kidogo, anakutaja bila kutaka. Mimi narudi ukutani.

Nakuahidi mawili, Papa. La kwanza, hakuna sista atakayebeba juzuu hata moja kabla hajafungua pa muji mbele yangu, hata kama ana haraka, hata kama ni mkuu wao.

La pili. Noeli ikifika nitatuma salamu Kambove kwa jina lako, nami nitaidai ile L. Nitasema aliichukua kwa ujanja, alimfanya mjane alie, airudishe. Najua hatairudisha, na akijaribu kuirudisha sitaipokea. Lakini nitaidai kila mwaka, ili mzee yule awe na mtu wa kumkasirisha.

Mungu akupanulie pale ulipo. Mimi ni mtu wa misa, lakini dua hiyo nimeisikia kwa Mama Zaina nikaichunguza, nikaona haina hila.

Ntumba wako, wa ukutani