Ua Kutoka Misri

Kairo, 3 Machi 1966

Kwa abaayo Kaaha, dada yangu,

Assalamu aleikum. Mimi mzima, ila baridi ya huku! Wewe na mtoto hamjambo? Nivumilie kwa Kiswahili cha shule, maana Kisomali chetu hakina maandishi, na Kiarabu chako, wallahi, ni kibovu.

Baada ya masomo ninamsaidia mzee mmoja anayetengeneza vitabu kwa njia ya kale. Karatasi zinakunjwa, zinaunganishwa kwa mshono wa mnyororo bila gundi, na kitabu kikifunguliwa kinalala chali. Majalada anayapamba kwa vitambaa vya kuiga nguo za zamani za Wakopti, Wakristo wa huku. Nilimwambia dada yangu anafuma vizuri kuliko yeye. Akacheka! Basi nimekuchorea ua nililoliona kwenye kitambaa chakavu, na mshono wenyewe nimeuchora. Nitengenezee vitabu vitatu, kurasa tupu, ua hilo kwenye majalada. Vikifika kabla ya Septemba vitawekwa kwenye maonyesho kwa jina lako.

Barua hii anakuletea Adow wa lori; majibu mpe yeye akayatie posta Mombasa. Hapo kwenu barua za Misri zinafunguliwa na askari.

Walaal wako, Awil

Balambala, 20 Mei 1966

Walaal Awil, ndugu yangu,

Waaleikum salaam. Tunapumua, alhamdulillahi. Zaidi ya hapo usiniulize.

Vitabu nilivimaliza. Ngozi ya mbuzi, na nyuzi nyekundu za kufumia ua alinipa Qali, jirani yangu, huku akinicheka mpaka machozi: kitabu kisicho na neno, atakisoma nani?

Juzi lori la serikali lilipigwa risasi barabarani. Kulipokucha askari wakaja wakachoma mtaa wetu, nyumba baada ya nyumba. Ya Qali waliichoma amesimama pale na sufuria mkononi. Kwangu aliingia askari mmoja, akaona vitabu, akalishika lile ua lako, akajigusa kipaji cha uso na kifua. Akatoka akawaambia wenzake, "Hii iacheni. Huyu ni wetu."

Mwenzao! Mimi, binti wa Hared mwalimu wa Kurani! Sasa nyumba yangu imesimama peke yake katikati ya majivu, na Qali haitikii salamu yangu. Awil, ulinichorea nini?

Dada yako, Kaaha

Kairo, 30 Juni 1966

Abaayo mpenzi,

Salaam nyingi. Barua yako imeninyima usingizi. Nimemwuliza mzee. Ni msalaba. Wakopti huufuma ukiwa umezungukwa na majani, nami mjinga nikaona ua tu. Nisamehe. Wasomee jirani zako barua hii, wajue kosa ni langu.

Lakini Mungu amekuachia nyumba, shukuru. Vitabu vifiche, kisha mpe Adow upesi. Mzee anaviulizia kila siku.

Walaal wako, Awil

Balambala, 9 Agosti 1966

Walaal,

Waaleikum salaam. Afya ipo.

Barua yako niliwasomea wanawake kisimani. Nilipofika kwenye "shukuru," Qali alijitwika maji yake akaondoka. Wengine wakamfuata. Maziwa yangu hayanunuliwi. Halafu watu wa msituni, wale wanaopigana na serikali, wakatuma mtu kuulizia nyumba iliyobaki ni ya nani. Wewe unajua wanavyomfanya mtu wanayemwita jasusi. Niliogopa, Awil, niliogopa mpaka chakula kikanishinda.

Basi jana mchana nilimtoa mtoto, Kurani ya baba na kibuyu cha maziwa, nikaichoma nyumba yangu kwa mkono wangu. Vitabu vyako vyote vilikuwa ndani. Sikutaka mtu aseme nimebakiza hata kimoja.

Mtaa mzima ulisimama kutazama. Mikeka niliyosuka nikiwa mchumba iliwaka kama karatasi. Ghafla Qali akamnyakua mtoto wangu kutoka kwenye moshi, akanifokea: "Wewe mwanamke, huna akili? Huoni upepo unaelekea kwa mbuzi wangu?"

Ndilo neno lake la kwanza kwangu tangu Mei. Nililia palepale.

Tunalala kwake, chini ya turubai. Usinitumie mchoro mwingine wowote. Nitumie salamu tu.

Dada yako, Kaaha