Mlango Mpya wa Duka la Mwaitu

Ijumaa. Upepo na vumbi siku nzima. Nimerudi Kitengela kutoka Kajiado na moyoni sisikii chochote. Hata viatu sijavua.

Wale wataalamu wa majengo ya zamani walikuja leo kuona duka letu. Ni mimi niliwasumbua na barua. Kaka yangu Mutuku anataka kulibomoa ajenge ghorofa, na aliniambia wazi: wakisema lihifadhiwe, ataliacha. Wakikataa, tingatinga linaingia Jumatatu.

Mwaitu, mama yetu, ameuza hapo tangu aolewe. Kabla yake aliuza babu, na kabla ya babu, Mhindi. Babu aliuza vyuma vya kutia ng'ombe alama. Mteja alikuwa anapasha chuma chake moto kwanza, anakijaribu kwa ule mlango wa mbao. Mlango mzima ulijaa alama za maboma ya huku, nyingine za watu waliokufa kitambo. Kwa barua niliusifu huo mlango kurasa mbili.

Mwaitu sikumwambia mambo ya Mutuku. Niliogopa presha yake ipande. Nilisema tu kuna wageni wanakuja kuangalia duka.

Jamani, si namjua mama yangu!

Nilifika saa nne nikakuta kuta ni pinki. Chini ni taili. Mlango ni wa chuma, mpya, rangi bado inanuka. Ameuza mbuzi wake wawili.

Nikauliza ule mwingine uko wapi.

"Hizo mbao za kuoza? Si ndizo zinapika kuku. Kwani ulitaka nipokee watu wa Nairobi na aibu?"

Wageni walikuwa na heshima. Walizunguka, wakapiga picha mbili. Mmoja akaniuliza polepole kuhusu mlango, nikamwonyesha jikoni kwa kidole. Hakuandika kitu. Walipokuwa wanaingia kwa gari akaniambia pole, hapa hakuna kilichobaki cha kuhifadhi.

Hiyo kuku niliikula. Niliongeza, hata. Sikulia wala sikukasirika. Ningemkasirikia nani, na ni mimi nilinyamaza?

Nikiondoka, Mwaitu alinishika mkono, uso wote kicheko.

"Wamependa?"

Nikasema wamependa sana.

"Basi nitafia hapa kwa duka langu," akasema, na akaenda kupanguza vumbi kwa mlango.

Kesho narudi kumwambia. Sijui nianze na lipi, Jumatatu ama mlango.