Kuhusu Mkoba wa Mama Ulionipa Niutengeneze

Nyumbani kwa Didas,
Kihesa, Iringa.
9 Julai 2025

Mpendwa mdogo wangu Rozalia,

Pokea salamu zangu kutoka kwenye baridi ya Iringa. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Amos, na kwamba goti limetulia tangu uanze ile dawa ya kuchua. Najua Uyole mwezi huu hakuna nafuu kuliko huku. Jifunike vizuri, na hiyo misa ya alfajiri waachie vijana. Eveline na watoto wake hawajambo? Nimesikia yule wa mwisho ameanza chekechea na tayari anamsahihisha mwalimu. Hiyo ni damu yetu.

Mimi sijambo, kwa kadiri ya mtu wa miaka themanini na mbili ambaye moyo wake umechoka. Miguu imevimba, viatu haviingii tena. Nalala nimekaa, mito mitatu mgongoni, maana nikijinyoosha pumzi inakata. Daktari alizungumza na mwanangu Didas nje ya mlango. Nimefundisha miaka thelathini na sita, najua watu huzungumza nini nje ya mlango. Usishtuke. Siyo hilo lililonifanya nishike kalamu.

Didas na mkewe Anyitike wananitunza vizuri mno. Wakienda kazini asubuhi wananiachia uji kwenye chupa, kisha wanafunga geti kwa nje, kwa sababu mwezi wa tatu nilitoka peke yangu nikaanguka mtaroni. Dirisha langu lina nondo. Naona ukuta wa jirani na kipande kidogo cha mlima juu yake. Vifaa vyangu vya kazi vimehamishiwa stoo, kwani harufu ya gundi inanibana kifua. Wana haki, siwalaumu. Ila mikono imekosa kazi, nami nashinda na mawazo yangu tangu geti lifungwe hadi lifunguliwe.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Simu nashikiwa na Anyitike, na kwa ajili ya masikio yangu anaiweka sauti ya juu. Tunayozungumza yanasikika mpaka jikoni. Hili nataka ulijue wewe kwanza.

Rozalia, mkoba ulio kabatini kwako sio wa Mama.

Nakuomba usiikunje barua. Soma mpaka mwisho, halafu fanya utakavyo.

Unakumbuka nilivyoanza kazi hii baada ya kustaafu. Nilikuwa nachagua mikoba ya ngozi kwenye mabelo ya mitumba pale sokoni Mashine Tatu, ile iliyochanika bitana, iliyokufa zipu, iliyopauka kama miguu ya mtoto asiyepakwa mafuta. Naisafisha, naishona kwa uzi wa nta, naipaka rangi mara tatu, naing'arisha. Majirani walinicheka sana. "Mwalimu, wenzako wakistaafu wanafuga kuku, wewe unafuga pochi!" Marehemu mke wangu Marta akawajibu akiwa anapepeta mchele: "Mwacheni. Heri ashike mikoba ya wanawake kuliko kuwashika wenyewe." Nilicheka, lakini moyoni nilijivuna. Hapakuwa na mkoba ulionishinda. Nilikuwa nikisema ngozi naijua kuliko sarufi. Wewe ulinisikia, ukaniamini.

Tulipoanua matanga ya Mama pale Ilula, mkoba ulikuangukia wewe, kama ilivyo haki ya binti. Mwaka uliofuata, mwezi wa sita, ukaniletea. Ulikuwa umekakamaa, mweusi kwa mafuta ya nyonyo aliyoupaka tangu Baba alipoununua kwa yule mzungu wa mashamba ya chai aliyekuwa anaondoka Mufindi. Uliniambia, "Kaka, usiubadilishe. Uuimarishe tu. Nitaufuata Jumamosi."

Nami nikataka kukuonyesha. Nikasema nitautoa mafuta yote ya zamani ili rangi ishike, uupokee kama siku ulipotoka dukani. Nikaufungua mkanda, nikauweka pembeni, halafu nikauosha mkoba wenyewe kwa sabuni na maji ya moto. Maji ya moto, Rozalia. Mtu anayejifunza wiki ya kwanza anaambiwa asifanye hivyo. Ikafika Alhamisi, ukungu haujaondoka tangu Jumatatu, jua hakuna, mkoba umelowa. Nikauning'iniza karibu na jiko la mkaa. Nikaenda kusahihisha madaftari ya mtoto wa jirani, nikakaa sana.

Niliporudi ulikuwa umejikunja, umekuwa mdogo kama kiatu cha mtoto. Niligonga juu yake kwa kidole, ukalia kama ubao. Ngozi ikishaungua namna hiyo hairudi, hata uipake nini. Nilikaa chini, Marta akaniuliza kama nimepigiwa simu ya msiba.

Ijumaa nzima nilizunguka kwenye mitumba. Nikapata mkoba unaofanana, wa umri uleule, pengine wa nchi ileile. Nikaking'oa kifungo cha shaba cha mkoba wa Mama nikakihamishia huu. Nikatoa bitana yake, nikaikaza ndani ya huu mpya. Nikaupaka mafuta ya nyonyo, nikaufukiza moshi, nikausugua kona kwa msasa pale alipokuwa akiuegemeza kiunoni. Niliifanya kazi hiyo kwa ufundi wangu wote. Sijawahi kushona vizuri kama usiku ule, na hilo ndilo linalonitia haya zaidi.

Jumamosi ukaja. Nilikuwa nimeyaandaa maneno, nakuapia. Ukaufungua, ukaingiza uso ndani, ukavuta pumzi, ukasema, "Mama yangu huyu hapa." Ukalia. Marta naye akalia. Nikamwangalia mdogo wangu anavyolia. Nikajiambia nitakwambia wiki ijayo.

Laiti ungeutumia kwenda sokoni ukaisha! Wewe ukaufanya kitu cha ukoo. Kila mtoto kabla ya kupeleka posa au kupokea posa anaushika mkoba wa Bibi, wewe unamwombea. Eveline aliushika. Wa Didas waliushika. Mara mbili zipu ilipogoma uliniletea tena, na mara mbili nikaukarabati uongo wangu mwenyewe, nikakurudishia, ukanishukuru.

Sasa nakuja kwenye lililo zito. Unalijua, ulikuwepo, lakini hukulijua lote.

Mwaka 2017 tulikaa kwako Uyole kwa ajili ya posa ya Zabron. Mwanao aliupokea mkoba kwa mikono miwili, kwa heshima. Nilimwona akipitisha kidole chini ya mkanda, mara moja, mara mbili. Akauweka mezani taratibu. "Mama, huu sio mkoba wa Bibi."

Shemeji Amos akasema, "Umeanza kunywa saa ngapi leo?" Watu wakacheka, lakini wewe hukucheka. Ukamwambia, "Kama hutaki kuoa, sema hutaki kuoa. Usimtukane marehemu." Yeye akashikilia: "Sijanywa, Mama. Huu sio wenyewe." Ndipo dada yake Eveline akauliza kama sio wenyewe, nani aliubadilisha, maana aliyekuwa akikaa na ufunguo wa kabati ni yeye Zabron, na redio ya baba yake iliwahi kupotea.

Ukanigeukia. "Kaka, wewe ndiye unayejua ngozi. Ni wenyewe, au sio wenyewe?"

Unajua kwetu mjomba akishatamka hakuna wa kumpinga. Watu kumi na wanne walikuwa wakinisubiri. Nikasema, "Ni wenyewe."

Zabron aliniangalia. Hakuniangalia kwa hasira, aliniangalia kama mwanafunzi anayemwona mwalimu akikosea ubaoni na hajui amwambie vipi. Akasema, "Sawa, mjomba," akachukua koti. Ukamwambia asikanyage mlangoni kwako mpaka atakapoupigia magoti mkoba wa bibi yake. Na yeye, kwa kuwa alikuwa anasema kweli, hawezi kuupigia magoti. Miaka minane sasa yuko Makongolosi, huko Chunya, kwenye mashimo ya dhahabu. Wale wa upande wa binti waliposikia kuna mtoto anayemkana bibi yake, hawakupokea tena mjumbe wetu. Ulimpoteza mtoto, naye akapoteza mchumba, kwa maneno yangu mawili.

Mwaka jana nilikwenda kuungama. Padre alinipa ondoleo, kisha akaniambia kwamba kwa Mungu nimemaliza, lakini kuna mtu aliye hai. Nenda kamwambie, alisema. Niende na miguu ipi? Kila Ijumaa katekista Marcelino ananiletea komunyo, naipokea, naye akiondoka analifunga geti kwa ufunguo alioachiwa, nabaki na "Ni wenyewe" yangu chumbani humu.

Ndani ya bahasha hii kuna mkanda. Huo ni wa Mama kweli, ule niliouweka pembeni kabla ya kuosha. Sikuurudisha kwa sababu niliuona una kasoro: chini yake kuna vidonda vidogo vinne, nikadhani panya. Nikakata mwingine mpya. Ni Marta aliyenieleza, miezi michache kabla hajafa, tena bila kujua anachonieleza, kwamba Zabron alipokuwa akilelewa na Mama kule Ilula, wakati wewe uko chuo cha uuguzi, aling'atia meno yake ya kwanza kwenye mkanda ule, na Mama alikuwa akimwonyesha alama hizo mpaka alipokuwa mkubwa. Alikuwa anatafuta meno yake, Rozalia. Sisi tukamwita mlevi.

Mwili wa mkoba niliufukia nyuma ya nyumba ya zamani. Usiutafute.

Sikuombi unisamehe. Ukinisamehe mapema utanifariji mimi, na anayepaswa kufarijiwa siye mimi. Naomba hivi: usimpigie simu. Chunya siyo mbali na wewe. Mwombe shemeji akupeleke, mfuate hukohuko aliko, umpe mkanda mkononi. Kisha waite walewale kumi na wanne, walio hai, uwasomee barua hii sebuleni palepale. Usiruke mahali. Usiseme nilikuwa mgonjwa.

Marcelino atakuja kesho kutwa. Nimemwomba aipeleke stendi na kumkabidhi mtu anayeshuka Uyole. Hajui kilichomo.

Nisalimie shemeji Amos, mwambie yale maneno ya ulevi na yeye ayarudishe. Nisalimie Eveline na watoto, na mama mkwe wake. Anyitike anawasalimu, Didas pia.

Zabron sijui nimtumie salamu gani. Salamu ya mjomba haina tena uzito kwake. Mwambie tu kwamba alisema kweli, na kwamba nilijua siku ileile.

Mungu akupe nguvu za safari na akurudishie mwanao ukiwa bado unaona vizuri.

Ni mimi kaka yako, niliyekupenda maisha yangu yote na kukudanganya miaka kumi na mitano,

Liberatus