Verje Dor Juu ya Kaburi la Octave

Jumatatu, 6 Mei 2024
Wewe Pascaline, umepotea wapi? Tangu Pasaka daftari linalala chini ya kibuyu cha mawese! Herufi umejifunza ukiwa bibi tayari, sasa unataka zikutoroke? Kaa. Andika.

Maua ya manjano juu ya kaburi la Octave, mume wangu, yamechanua. Masera Chimène, mtawa wa parokia, aliyenipa shina, amepita kuyaona. Kwa Kifaransa eti yanaitwa verje dor — fimbo ya zahabu. Jirani yangu Consolée alikuwa hapo anapepeta muchele. Ungo ukasimama.

Jumatano, 8 Mei
Si nilijua! Dady, kijana wa Consolée, mwenye kuchimba zahabu kule Wamaza, amefika na chepeo ya kuchimbia.
— Bibi, maua ya zahabu hayaote bure. Zahabu iko chini.
— Chini iko Octave! Muamushe, atakujibu mwenyewe.
Eti watamuhamisha kwa heshima. Kwa heshima! Nimemufukuza na mwiko wa bugali, ungali moto.

Ijumaa, 10 Mei
Nimemuuliza masera. Verje dor: vimaua vidogo sana, vimejipanga upande mumoja wa kitawi, kitawi kimeinama. Jani jembamba. Ile ya njiani, ua kubwa kama alizeti, jani chungu — hiyo ni nyingine. Kumbe yangu ndiyo yenyewe. Dady asijue!

Jioni Dady karudi na wenzake. Nikawahurumia: wajinga nyinyi, hii ni pambo la masera tu. Verje dor ya kweli ni ile chungu ya njiani. Tafuneni mujue! Wakatafuna. Wakatema. Wakaamini!

Jumapili, 12 Mei
Ole wangu. Ile chungu imejaa wapi? Nyuma ya choo cha Consolée! Dady kachimba, choo cha mama yake kimelala chini. Consolée kalia mpaka misa ikampita. Nimempikia sombe, majani ya muhogo, nikamwambia atumie choo changu. Na njia ya choo changu inapita kaburini — akili yangu ilikuwa wapi?

Leo, katikati ya verje dor: kichipukizi. Nimetafuna jani. Chungu! Dady akikiona, atamuchimba Octave. Nimeking'oa, kimekatikia chini, muzizi umebaki kwa Octave. Na tumbo la Consolée limeharibika. Sombe yangu! Huyo anapiga hodi tena, na Dady kamushika mukono —

Pascaline, ukirudi humu, usikae kwanza. Shika jembe dogo, nenda kaburini, ng'oa kilichoota. Ndipo uandike.