Gobori la Bwana Pelham

Jumanne, 7 Juni 1955

Karakana ya Pritam Singh, fundi wa bunduki, nyuma ya stesheni ya reli. Mhariri anataka habari za mashindano ya Jumamosi ya tarehe 18 – masetla watalenga shabaha kwa magobori ya babu zao. Bwana Pelham wa Njoro ameleta lake likatiwe kitako cha mbao kimfae. Mwenyewe hakuja. Ametuma koti lake liwe kipimo. Pritam analalamika: anadhani mimi fundi cherehani.

Kanuni ya karakana, tangu Hali ya Hatari: seremala wake, Wanyoike, ni Mkikuyu. Mbao ashike, chuma asishike. Kitako kikishaungwa na mtutu ni bunduki, na Mkikuyu mwenye bunduki hunyongwa. Nimeripoti kesi nne za namna hiyo. Zote zilikwisha kabla ya chakula cha mchana.

Alhamisi, 9 Juni

Kitako hakipimwi mezani. Lazima mtu ainue gobori macho yamefumbwa, aegemeze shavu, kisha afumbue. Akiona vilengeo viwili vimekaa mstari mmoja, basi. La sivyo, randa tena.

Pritam ana mtoto wa jicho, jicho la kulia. Mwaka wa pili. Amelificha ili asinyang'anywe leseni. Leo alifunga mlango. "Wewe vaa koti," akamwambia Wanyoike. "Mimi naona moshi tu."

Wanyoike aliniangalia kwanza. Kisha akavaa. Lilimkaa mabegani kama lake. Akainua gobori. Nikaandika katika daftari langu la kazi, kwa mazoea: kiwiko hadi kidole, inchi 14 na robo. Jina. Saa.

Jumatatu, 13 Juni

Machimbo ya mawe, chini ya Menengai. Kibali cha kujaribu ni cha Pritam. Wanyoike akajaza baruti, akashindilia risasi kwa mdeki, ule ufito wa chuma, akapiga tatu. Zote kushoto, chini kidogo. Akagonga kilengeo cha nyuma kwenda kulia, akapunguza cha mbele kwa tupa. Tatu tena – ningezifunika kwa kifuniko cha kopo la chai.

Hakutabasamu. Alinawa mikono hadi viwikoni. Harufu ya baruti, alisema, askari wanaijua.

Hayo nayo nikayaandika.

Jumamosi, 18 Juni

Bwana Pelham hana shingo! Mabega sawa na ya Wanyoike, shingo nusu. Koti halisemi shingo.

Alipoinua aliona kilengeo cha nyuma tu. Risasi tatu, hakuna hata moja kwenye ubao. Rafiki yake akamuuliza kama kitako kilikatiwa twiga. Pelham, mwekundu, akamuuliza Pritam alipima mwili wa nani. Wangu, mzee akajibu. Inspekta wa polisi aliyekuwa hapo na bia yake akasema: basi inua. Kilemba, ndevu, tumbo – shavu halikufika kwenye mbao.

Inspekta akatazama huku na huku kama mtu anayetafuta kiatu cha pili. Akamwona Wanyoike kando ya lori, na kikapu cha vifaa. Akamwita, akampa gobori.

Wanyoike aliliweka begani kama jembe. Watu wakacheka. Inspekta hakucheka. "Hapana hivyo. Kwa jicho."

Akainua. Shavu likaenda mahali pake lenyewe. Akaling'oa mara moja, lakini wote tulikuwa tumeona.

Inspekta akachukua kitabu cha pasi cha Wanyoike, kibali chake cha kutembea, akakitia mfukoni.

Jumapili, 19 Juni

Wanyoike yuko ndani. Sajini anasema bado ni dhana tu: kitako kumfaa mtu si ushahidi. Wanatafuta aliyemwona ameshika.

Pritam alikuja, anataka kukiri habari za jicho lake. Nikamwambia hapo ndipo atakapomnyonga kabisa: watauliza, basi nani alilenga? Akakaa, kizibo cha chupa ya soda mkononi, akikikunja.

Mchana alikuja Wangare, mke wa Wanyoike. Hakuomba kitu. Aliuliza kama ni kweli huwa naandika kila kitu. Nikasema ndiyo. Akashukuru, akaenda.

Jumatatu, 20 Juni

Inspekta alipita ofisini saa mbili. Kuna aliyemwambia nilikuwa machimboni. "Wewe naandika kweli siku zote, Omolo. Saa tatu mimi nataka kitabu."

Kurasa za daftari zina namba, 1 hadi 96. Nimezipiga mwenyewe. Miaka kumi na tisa sijachana hata moja. Hakimu mmoja alishawahi kuliamini daftari langu kuliko askari wawili. Wanyoike yuko ukurasa wa 41 na wa 44. Nyuma ya 44 ni kesi nyingine, ya mtu mwingine, anayeuhitaji ukurasa huo kujitetea.

Mwandiko ni mzuri. Jina linasomeka.

Na humu ninamoandika sasa mna mengi zaidi kuliko mle.

Saa tatu kasoro tano. Chai imeshachemka, nimeiepua. Jiko sijalizima; moto wake unatosha madaftari mawili.

Landrova imesimama nje. Mlango mmoja umebamizwa. Wa pili