Miguu ya Kumbeba Mama

Kiptere, Jumapili

Ndugu yangu Kipruto,

Natumaini joto la huko Doha limepungua. Huku mvua haijakata, majani chai yamekua hadi wachumaji hawatoshi, na ng'ombe wako amezaa ndama jike.

Ile ratiba ya mazoezi ya miguu uliyonitumia naifuata. Jumanne na Jumamosi naweka mabegani bomba la chuma lenye debe la saruji kila ncha, nachuchumaa na kusimama mara nane, napumzika, kisha narudia mpaka raundi nne ziishe. Kila wiki naongeza uzito kidogo kama ulivyosema, na mapaja yamejaa hata suruali ya kanisa inanibana.

Unajua ni kwa sababu ya mama. Tangu figo zikatae, Jumatatu na Alhamisi nambeba mgongoni kutoka nyumbani hadi juu barabarani, aende kusafishwa damu, maana pikipiki haipandi kwa matope. Mwanzo nilikuwa napumzika njiani mara tano. Alhamisi hii nilipanda bila kusimama. Mama akacheka mgongoni, akasema, "Noah, sasa umekuwa mwanaume."

Nilifurahi mpaka hospitalini. Nesi alimpima, akapata kilo thelathini na nane. Mwezi wa tatu alikuwa hamsini na sita. Mama aliponiuliza mizani inasemaje, nilimwambia iko sawa.

Kipruto, usinitumie mazoezi mengine. Omba ruhusa uje. Ukimbeba mwenyewe utaelewa.

Ni mimi mdogo wako,
Noah