Dawati Nisilolifikia

3 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, wasiwasi wangu ni wewe na presha yako. Baba anakusalimu.

Ahsante kwa siku mbili ulizokaa nasi ofisini, tunakotengeneza chombo hiki cha walimu. Wenzangu walikuwa wamejaza skrini grafu kumi na mbili, ukawauliza, "Nina watoto hamsini na dakika arobaini. Hizi nitazisoma saa ngapi?" Tumezifuta zote. Tumebakiza ulichoomba: mchoro wa darasa, dawati kwa dawati. Watoto wakifanya hesabu kwenye vishikwambi, dawati la aliyekwama linageuka jekundu. Ukimsaidia mtoto, unagusa jina lake, na mwisho wa wiki unaona ulikofika na usikofika. Hilo la pili ni wazo lako mwenyewe. Ulisema mwalimu akijipima kwa kumbukumbu hujipendelea. Mchoro huo ni wako peke yako.

Jaribu, kisha uniambie ukweli bila kunionea haya.

Mtoto wa kaka yako


20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Presha ilikuwa imetulia, mpaka juzi.

Chombo chenu kinasema uongo. Kinadai kwa wiki mbili sijafika dawati la mwisho ukutani hata mara moja, na limekuwa jekundu siku tisa. Mimi, mwenye miaka ishirini na saba darasani. Tena mkuu wa shule ameuona mchoro huo kwenye kompyuta yake, akausoma kikaoni mbele ya walimu wote. Uliniambia ni wangu peke yangu.

Nimevifungia vishikwambi kabatini. Habari za kazi usiniandikie tena.

Shangazi yako


27 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Najua umenikataza, lakini hili sina budi kulisema. Mkuu aliomba kuuona mchoro, nikaona ni jambo dogo, nikamfungulia bila kukuuliza. Kosa ni langu, si la ofisi. Nimemfungia. Sasa mchoro unabaki kwa mwalimu na kufutika kila Ijumaa. Bosi amenuna, maana shule mbili ambazo wakuu wake walitaka kuuona zimejitoa. Na anune.

Kuhusu dawati la ukutani, nimepitia kumbukumbu mara tatu nikitafuta hitilafu. Sikuipata. Nisamehe.

Mtoto wa kaka yako


30 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Baba amepita kwako mara mbili, akagonga bila kujibiwa. Jirani anasema unakwenda kazini kama kawaida. Basi niandikie hata mstari mmoja, hata wa kunigombeza.

Mtoto wako


12 Mei

Mwanangu,

Marahaba, kwa barua zote mbili. Kaka alipogonga nilikuwa ndani. Mwombe radhi kwa niaba yangu. Sikuwa mgonjwa, nilikuwa na aibu.

Chombo hakikusema uongo. Kwenye dawati lile anakaa msichana aliyehamia Januari. Siku ya kwanza alipoinua uso nilimwona marehemu binti yangu, dada yako: kidevu kile kile, na anatafuna kola ya sare kama yeye. Yuko darasa la sita, pale pale dada yako alipoishia. Sikukaa nikaamua kumkwepa. Nilikuwa nikifika dawati la mbele yake, nageuka. Wala sikujua, mpaka nilipoonyeshwa.

Jana nilivitoa vishikwambi. Dawati lake likageuka jekundu, nikaenda, nikaketi kando yake. Zilikuwa hesabu za sehemu: alikuwa anajumlisha namba za juu, kisha na za chini. Kosa la dakika tano, mwanangu, na nilimnyima dakika hizo tangu Januari.

Tulipomaliza akaniuliza polepole, "Mwalimu, nilikukosea nini?"

Nikamwambia, "Hukunikosea kitu. Aliyekosa ni mimi."

Akanisogezea swali linalofuata.

Jumatatu nitakuja ofisini. Walimu wengine nao wataona madawati yao, na wengine yatawauma. Tutafute namna mtu ajione kwanza akiwa peke yake, apewe na muda wa kurekebisha.

Lakini kabla ya hapo, njoo Jumapili unisindikize makaburini. Sijafika tangu tulipomzika.

Shangazi yako